Jina la Beberu Mferejini

Mwanangu, hata nikizeeka nikasahau jina langu, ipo Jumamosi moja sitaisahau. Ilikuwa mwaka ule wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, hapa hapa Umoja, Nairobi, kabla nyumba hizi hazijapandiana ghorofa. Nimeamua kukusimulia kwa sababu jana nilikusikia pale langoni ukimwita bawabu wetu beberu, eti kwa kuwa amemzuia mgeni wako kuingia na pikipiki bila kuandikisha jina. Sikukukemea. Nilijikalia kwenye kigoda changu nikacheka peke yangu, maana ulinirudisha mbali sana. Lakini usidhani kicheko changu kilikuwa cha kukuunga mkono. Keti, chai ipo, na hiyo simu igeuze kifudifudi.

Neno hilo nimeliona likibadilika mbele ya macho yangu. Kwa babu yangu kule Machakos, beberu alikuwa mbuzi dume tu, mwenye ndevu na harufu yake, na alitunzwa vizuri maana ndiye aliyejaza zizi. Kwa baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori, beberu alikuwa mzungu wa enzi za ukoloni aliyemwamuru mtu mzima avue kofia akiongea naye. Sisi tulifundishwa shuleni: mabeberu walichukua ardhi, mabeberu walitoza kodi. Tulikariri tukapita mtihani. Kisha neno likatoka darasani likashuka mtaani, na huko likalegea kama raba ya soksi kuukuu. Vijana wa mitaa ya Umoja, Tena na Mowlem walimwita mbeberu, ndivyo walivyolitamka, kila aliyewaambia hapana. Baba akikukataza kwenda disko, mbeberu. Kapteni asipokupasia mpira, mbeberu. Hata kuku aliyekataa kuingia kibandani nilimsikia akiitwa hivyo.

Bingwa wa kubandika watu majina alikuwa rafiki yangu Wambui. Kwao walitoka Murang'a, baba yake alikuwa seremala, na nyumba yetu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, na aliweza kumwiga mtu hadi mwenyewe akacheka. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja tukawa tunakaa nyumbani tukingoja kazi. Yeye angalau alikuwa na tumaini. Shule ya chekechea ya mtaa ilitaka msaidizi, na alikuwa amekwisha kuongea nao. Kilichobaki ni barua ya kuthibitisha kuwa ni mkaazi mwenye tabia njema, na barua hiyo ilitakiwa kutiwa sahihi na mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa ameahidi kuitia. Nyumbani kwao walikuwa watoto saba, na mama yake alikuwa ameshaanza kuihesabu kazi ile kama imekuja.

Sasa, maji. Mwaka ule mabomba ya ndani yalikauka kabisa. Tulibaki na mfereji mmoja, bomba la nje lenye kufuli, karibu na uwanja, na maji yalikuja alfajiri yakakatika jua likiwa utosini. Kina mama walikutana wakamchagua mmoja wao aushike ufunguo wa kufuli lake, na huyo alikuwa Mama Kanini. Alikuwa mjane, Mkamba kama sisi, aliyeuza miiko ya mbao aliyochonga shemeji yake. Mfupi, mkavu, sauti kama ya mwalimu wa gwaride. Sheria zake zilikuwa chache: kila nyumba mitungi miwili, ukitaka zaidi unarudi nyuma. Mgonjwa na mama aliyejifungua wanatangulia. Na nafasi inashikwa na mtu mwenyewe.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa. Watu wa mtaa wetu walikuwa na ujanja wao. Unapita jioni, unaweka jiwe lako kwenye foleni, umelipaka rangi au kulifunga kitambaa ulijue, kisha unaenda zako kulala. Asubuhi unakuja na mtungi umepumzika, unasimama penye jiwe, na aliyeamka alfajiri na mapema anajikuta nyuma ya mawe kumi. Wambui alikuwa na jiwe zuri la duara, amelipaka rangi nyekundu ya kucha. Asubuhi moja alifika akakuta Mama Kanini ameyakusanya mawe yote ameyarundika kando, kama mtu anayejiandaa kujenga.

"Jiwe langu liko wapi?" Wambui akauliza.

"Liko na wenzake."

"Kwa nini umelitoa?"

"Kwa sababu jiwe halioni kiu," Mama Kanini akamjibu. "Mama Mwikali ana mapacha wa wiki tatu ndani, na huyu binti yake amesimama hapa tangu giza. Nimwambie asubiri jiwe lako liamke?"

Mwikali ni mimi. Nilikuwa nimesimama pale na mitungi yangu, na nilitamani ardhi inimeze, maana Wambui alikuwa rafiki yangu. Alirudi nyuma kabisa ya foleni akinuna. Zamu yake ilipokaribia, alikuwa amekwisha kupata jina. "Maze, huyu mathe ni mbeberu wa mfereji!" alisema kwa lugha ya vijana, kwa sauti ya kusikika, akamwiga Mama Kanini alivyobeba mawe kwapani, na foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Kufikia jioni watoto walikuwa wameshalifanyia wimbo. Kufikia Jumapili nililisikia nje ya kanisa.

Hapo ndipo alipoingia Cucu, nyanya yake Wambui. Alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa macho, na mchana alikaa kwenye ngazi ya mlango akimenya minji, yaani njegere. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, kifupi kifupi, lakini kila alichotaka kusema alikisema. Siku moja Wambui alikuwa akinionyesha tena kile kichekesho chake, mgongo ameupinda na sauti ameikaza. Cucu akaacha kumenya.

"Nani huyo beberu?"

"Mama wa mfereji, Cucu."

"Wewe unajua beberu?"

Wambui akamwambia yale ya shuleni, wazungu, ardhi, kodi. Cucu akatikisa kichwa.

"Wetu hakuwa mzungu," akasema. "Alikuwa mtoto wa jirani. Mama yake na mimi tulikuwa tunaombana moto. Serikali ya wakoloni ikampa koti na kofia, ikampa kijiji atawale. Wanaume walikuwa wamefungwa. Sisi wanawake tukaambiwa tuchimbe handaki lizunguke kijiji chote. Yeye anakaa na kiti chake juu ya ule udongo tumetoa, anatuangalia."

Alipapasa minji kwenye sufuria, kwa kuwa hakuona vizuri.

"Siku moja mvua ilikuja, mvua ya baridi. Njeri, mke wa shemeji yangu, alikuwa na mtoto mgongoni. Akauliza, kwa nini tusingoje mvua iishe? Aliuliza tu, hakutukana mtu. Yule hakusema kitu. Alishuka, akachukua jembe la Njeri, akampa mtu mwingine. Akamwambia Njeri, chimba. Njeri akachimba na mikono mpaka jioni. Toka siku hiyo hakuna mtu aliuliza kitu."

Mimi na Wambui tulitazamana. Sikuwahi kulisikia neno lile likiwa na uzito namna hiyo, na nilihisi baridi ya mvua ile ingawa jua lilikuwa likiwaka.

"Huyu mama wa maji," Cucu akaendelea, "wewe ulimuuliza kwa nini alitoa jiwe?"

"Nilimuuliza."

"Akakujibu?"

"Alinijibu," Wambui akakiri.

"Basi huyo ni mama mkali tu. Mkali yuko kila nyumba, hata mimi ni mkali. Ukimpa huyo jina la yule mtu, siku yule mtu akija utamwita nani?"

Akairudia minji yake. Wambui hakuiga tena siku ile, wala kesho yake. Aliacha kabisa kulitaja jina lile, na mara mbili nilimuona akiwanyamazisha watoto. Wapi! Watoto walikuwa wameshaupenda wimbo wao.

Mwenyekiti wa mtaa naye alikuwa na shughuli zake. Usidhani alikuwa na pembe. Alikuwa mtu mtanashati, mwepesi wa kusalimia, anayejua mama fulani amejifungua na baba fulani amelazwa. Wakati huo alikuwa akiongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, na saruji inataka maji mengi. Asubuhi moja alifika mferejini na pikapu imebeba mapipa. Vijana wake wakaanza kuyashusha mbele ya foleni. Mama Kanini akamwamkia kwa heshima zote, kisha akaonyesha kwa kidole mwisho wa foleni: "Karibu, Mwenyekiti. Wa mwisho ni yule mwenye mtungi wa kijani."

Mwenyekiti akatabasamu, akasema hakuna neno, mapipa yakapandishwa tena. Nilipumua nikadhani yamekwisha. Siku iliyofuata vijana wake walipita mlango kwa mlango wakitangaza mkutano wa Jumamosi, uwanjani, kuhusu usimamizi wa maji.

Tulielewa sote. Mfereji ukienda mikononi mwa vijana wale, maji yangeenda kwenye saruji kwanza, halafu kwa waliojua kusifu, na wengine tungelamba mabomba. Mama yangu alikuwa na watoto wawili wachanga na homa iliyokuwa haijamwachia. Alikuwa akiniuliza kila jioni kama nimesikia lolote, nami nilimdanganya kuwa mambo ni sawa.

Jumamosi ikafika. Nilikwenda nimembeba mmoja wa mapacha mgongoni. Cucu alikuja ameshikwa mkono, akawekewa kiti. Mama Kanini alisimama upande mmoja na ufunguo wake umening'inia kwenye kamba shingoni. Mwenyekiti alianza kwa maombi, akafuatia na pole kwa ukame, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Ndugu zangu, kilio chenu nimekisikia," akasema. "Nchi hii ilipata uhuru. Hatuwezi tena kuwa na beberu, hata mferejini. Na hilo jina si mimi niliyelitunga, ni ninyi. Au nasema uongo? Wale ambao mmewahi kumwita huyu mama beberu, inueni mikono."

Vijana wakacheka wakainua mikono. Kisha wakubwa wachache. Mikono ikazidi. Walioinua walidhani ni mzaha, lakini mimi nilimtazama Mama Kanini. Alikuwa akiitazama mikono ile mmoja baada ya mwingine. Kila mkono ule alikuwa ameujazia mtungi. Mwanangu, nilikasirika mpaka mtoto akaamka mgongoni, na bado sikujua la kufanya.

"Mnaona wenyewe," Mwenyekiti akasema. "Basi kuanzia Jumatatu vijana wangu watashika ufunguo."

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

Alikuwa Wambui. Nilimvuta gauni. Nilijua barua yake ilikuwa mezani kwa mtu yule, na mama yake alijua, maana alikuwa upande wa pili akimkodolea macho ya kumsihi. Wambui akaniondoa mkono taratibu.

"Uliza, binti yangu," Mwenyekiti akasema kwa upole.

"Kwanza, hilo jina si la mtaa. Ni langu. Nililitoa mimi kwa hasira, kwa sababu ya jiwe, na halikumstahili. Mama Kanini, nisamehe." Hakuishusha sauti. "Sasa swali. Mimi nilimuuliza Mama Kanini kwa nini, akanijibu papo hapo mbele ya watu. Wewe nakuuliza hivi: kwa nini vijana wako washike ufunguo, na nani atakuwa wa kwanza kuteka?"

"Hayo ni mambo ya kamati."

"Kwa nini ni ya kamati, na maji tunakunywa sote?"

"Kaa chini."

"Nitakaa ukinijibu."

Uso wa yule bwana ukabadilika. Ule upole ulikwenda kama mtu aliyevua shati. "Wewe msichana," akasema, "barua yako bado iko mezani kwangu. Umesahau?"

Alilisema hilo mbele ya mtaa mzima. Nadhani hakukusudia lisikike hivyo, lakini lilisikika. Mikono iliyokuwa juu ikashuka mmoja mmoja.

"Sijasahau," Wambui akasema. Akabaki amesimama. "Kwa nini, Mwenyekiti?"

Vijana wawili wa Mwenyekiti walianza kusogea kumwelekea, nami niliona magoti yake yakigongana chini ya gauni. Ndipo sauti ikatoka nyuma, nzito, ya mtu asiyezoea mikutano. "Mjibu mtoto." Niligeuka. Alikuwa baba yangu. Dereva wa lori, mtu aliyekuwa akiweza kukaa siku nzima bila kusema maneno kumi. Fundi seremala, baba yake Wambui, akaitikia, "Mjibu." Kisha mama mmoja, kisha wale vijana wenyewe waliocheka, na mimi pia, mdogo wangu akilia mgongoni: mjibu, mjibu. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyelitamka lile neno, na halikuwa na haja ya kutamkwa, maana kila mmoja alikuwa akimwona.

Mwenyekiti alivaa kofia yake akasema mkutano umeahirishwa. Haukuitishwa tena. Mama Kanini aliendelea na ufunguo wake mpaka mvua zikarudi, mkali vile vile.

Usidhani Wambui alipewa zawadi. Barua haikutiwa sahihi, na kazi ya chekechea ikaenda kwa mwingine. Kwao kulikuwa na manung'uniko siku nyingi, mama yake akimuuliza kama maneno yanapikwa. Alikaa karibu mwaka mzima bila kazi, kisha akajifunza cherehani akawa mshonaji wa sare za shule, na mpaka leo ana duka lake. Ukimwona usimtaje kwa sifa, atakubandika jina. Lakini mimi nakwambia, katika maisha yangu sijaona kitu kizuri kama msichana yule aliyetetemeka magoti na bado hakukaa.

Jioni ya siku ile nilikwenda kwao. Nilimkuta Cucu ngazini, leso usoni. Nilidhani macho yanamsumbua, nikamuuliza kama nimletee dawa. Akatikisa kichwa, nikaona kuwa analia.

"Njeri aliuliza," akaniambia. "Sisi tulinyamaza. Tulikuwa wengi kuliko yule mtu, na tukanyamaza, tukaendelea kuchimba." Akanishika mkono. "Leo nimesikia watu wakisema, mjibu."

Basi sikia ninachokuomba. Bawabu wetu anakuudhi, najua. Muulize kwa nini. Akikuambia ni kwa sababu ya wizi uliotokea mwezi uliopita, amekujibu, na ugomvi wenu ni wa kawaida, mwite mkali, mwite msumbufu, mwite utakavyo. Lile neno moja liweke akiba. Limebeba mikono ya mama wa watu iliyochimba udongo mvuani, halifai kutupiwa kila anayekukatalia jambo. Ukilimwaga kila siku, siku mkubwa asiyeulizwa atakapokuja atalichukua mdomoni mwako amchome nalo mtu mwema, kama ulivyosikia. Naye atakuja, maana huja kwa kila kizazi, na mara nyingi huja akitabasamu na akijua jina la mama yako. Huyo muulize hadharani. Na ukimsikia mwenzako ameuliza kabla yako, hata kama humpendi, usimwache asimame peke yake. Hata neno moja kutoka nyuma linatosha.

Mungu akupe kinywa kinachopima na moyo usiolegea magotini, mwanangu. Usikose majirani watakaoitikia siku utakayosimama, na wewe uwe mmoja wao siku atakayosimama mwingine. Sasa shuka langoni ukaongee vizuri na yule bawabu.